Senga, nimesomea lishe lakini nyumbani wananiita mpishi

Shangazi yangu senga, shikamoo,

Naandika hii kwa simu usiku maana ndo saa mtandao unakuwa mzuri huku, kama kuna makosa unisamehe. Mimi ni binti wa miaka 27, baba ni mjeshi mstaafu, nimekulia baraki ndo maana Kiswahili nakiweza kuliko hata Kinyankole cha mama, shuleni walikuwa wananicheka eti naongea kama askari. Alafu ona sasa, hicho Kiswahili ndo kilinipa kazi.

Nilimaliza digrii ya lishe pale Makerere mwaka 2021, nikatoka na sekandi apa. Nikakaa nyumbani karibu mwaka mzima, kisha nikapata kazi kwenye shirika moja huku kambi ya Nakivale, Isingiro. Kina mama wengi ni Wakongo kwa hiyo bosi aliposikia naongea Kiswahili akasema huyu ndo tunamtaka. Kazi yenyewe ni kupima watoto mkono na ile tepu ya rangi, uzito, urefu, kuandika rejista, kugawa zile pakiti za karanga za kutibu utapiamlo, kufundisha kina mama kunyonyesha na kuchanganya chakula cha mtoto. Kazi naipenda, sidanganyi. Lakini tangu ufadhili wa Marekani ukatwe mwaka 2025 tumekuwa watu wa kontrakti za miezi mitatu mitatu, wenzangu wengi wameshaenda, na mimi kila mwisho wa kontrakti nafunga begi naanza kuomba Mungu.

Sasa senga kitu kilichonichanganya kabisa ni mama. Mama ana sukari, na mwaka jana wakamwambia na figo zimeanza kuchoka. Kliniki wakampa karatasi ya fotokopi, imefifia, imeandikwa USILE halafu orodha ndefu. Matooke (ndizi za kupika) usile, maharage usile, dodo (mchicha) usile, karanga, maziwa, parachichi, chumvi. Mama akaisoma akaniuliza, mwanangu sasa mimi nile nini, mawe? Akaanza kuishi kwa chai kavu na mkate, amekonda nguo zinamvuka. Na mimi mwenye digrii ya lishe nilikaa pale na ile karatasi nikashindwa. Nilijua kwamba ni makosa lakini sikujua nimwambie ale kiasi gani cha nini, chuoni figo tulizisoma kwa muhula mmoja tukafanya mtihani tukasahau, na wodini nilikaa wiki chache tu tena nikiwa nabeba faili za wengine. Tangu siku hiyo roho yangu iko hospitali haiko kambini.

Nimeanza kuuliza watu na kila mtu ana lake. Kaka yangu yuko Leicester, anasema atanilipia masta ya lishe ya onlaini ya Uingereza halafu nitaenda kule kufanya kazi kama dayatishani, yaani mtaalamu wa lishe ya wagonjwa. Rafiki yangu anasema achana na lishe fanya masta ya afya ya jamii, ndo yenye kazi. Kuna taasisi moja Kampala wananitumia tangazo kwa wasapu kila siku, kozi ya miezi mitatu, ukitoka unaitwa dayatishani wa kliniki na unapigwa picha na koti jeupe. Na kuna mama mmoja anauza unga wa saplimenti hapa Mbarara, anataka nikae dukani kwake nimevaa koti, nipime watu uzito kisha niwauzie, kwa komisheni. Senga ile komisheni ni nzuri kuliko mshahara wangu.

Halafu mchumba wangu ni Mkenya wa Kisumu, anasema nisianze masomo yoyote, nihamie kule nitapata kazi tu Kenya wanawathamini watu wa lishe.

Nyumbani wananiita mpishi. Kwenye harusi ya binamu yangu nilipelekwa moja kwa moja jikoni nikamenye matooke, "si ndo umesomea". Mzee mwenyewe bado anauliza kwani mtu anaenda chuo kikuu miaka mitatu kusomea kula? Na mdogo wangu yuko S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, anasema anataka kunifuata, sijui nimkataze.

Nifanye nini senga?

Wako aliyechanganyikiwa, Isingiro

SENGA ANAJIBU

Marahaba mtoto wa kaka yangu. Zamani senga alikuwa anaulizwa mambo ya ndoa, siku hizi naulizwa masta. Sawa tu, nilifanya uuguzi wodi ya watoto miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, kwa hiyo umegonga mlango wa kwangu.

Nianze na huyo wa saplimenti maana ndo hatari ya karibu. Usikae pale dukani. Siku mgonjwa kama mama yako ataingia, ana sukari na figo, utampima uzito, utamwona amekonda, na komisheni itakwambia muuzie kopo la protini. Figo zilizochoka hazijui kama kopo limeuzwa na mtoto mzuri wa mjeshi. Na likitokea la kutokea, yule mama mwenye duka atasema aliyeshauri ni mtaalamu mwenye digrii, jina lako litabaki pale na koti lako. Najua unahitaji pesa. Uza hata mukene (dagaa) jioni, mimi sitakucheka.

Sasa tuje kwenye masomo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na umenitajia masta mbili, kozi moja na nchi tatu lakini hukusema hata mahali pamoja unataka kuwa nani, isipokuwa pale kwa mama. Pale ndo umejisema. Kuna watu wa lishe ambao raha yao ni kijiji kizima, takwimu, sera, kuhakikisha watoto elfu wanapimwa. Na kuna wale raha yao ni mgonjwa mmoja kwenye kitanda kimoja na majibu yake ya damu. Wote wamesoma lishe lakini njia zinaachana mapema, na karatasi ya huku haifungui mlango wa kule. Wewe inaonekana ni wa kitandani. Nasema inaonekana kwa sababu umekaa wodini wiki chache tu, na hasira ya kuona mama anaumwa ni kitu kimoja, kuamka kila siku miaka ishirini kuhesabu potasiamu ya watu wasiokujua ni kitu kingine.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya mtu yeyote, nenda wodini ukajaribu. Kontrakti yako ikiisha, usisubiri nyingine ukiwa umekaa na begi. Andika barua, ambatanisha transkripti, peleka kwa mkono hospitali ya rufaa ya Mbarara maana ndo iko karibu nawe na pale kuna wagonjwa wa figo, uombe kujitolea upande wa lishe miezi minne au sita. Ukiweza kufika Kampala una ndugu wa kulala kwake, ni bora zaidi, kuna Kiruddu ambako ndo wanasafisha damu za watu wa figo, kuna Taasisi ya Saratani pale hospitali ya Mulago, na kuna Mwanamugimu, wodi ya lishe ya hapo hapo Mulago. Mwanamugimu usiidharau eti ni utapiamlo wa watoto ambao umeshauchoka huko kambini. Huko kambini unawaona wale wanaotibiwa wakienda nyumbani, kule Mwanamugimu utawaona waliovimba, wana nimonia, hawali, na utajifunza kusoma faili la daktari na kubishana naye kwa adabu. Kubishana na daktari kwa adabu ni nusu ya kazi ya dayatishani na hakuna chuo kinachoifundisha.

Tena ujue unatoka nchi gani. Mulago ni kati ya mahali ambapo dunia ilijifunza kwashiorkor, ule utapiamlo wa watoto kuvimba. Jina alilileta Cicely Williams kutoka Ghana miaka ya 1930, lakini Hugh Trowell alikaa Uganda miaka mingi akiwachunguza watoto hawa, na mwaka 1954 yeye na wenzake wakatoa kitabu kizima. Baadaye huyo Trowell na Denis Burkitt, ambaye pia alikuwa Mulago, ndo wakawa wanawapigia kelele Wazungu kwamba wanakula vyakula vilivyokobolewa mno, hawana nyuzinyuzi, ndo maana wanaumwa magonjwa ambayo hapa hawakuyaona sana. Kwa hiyo mtu akikwambia lishe ni kozi ya wapishi mwambie akaulize Mulago. Ila nimetoka nje ya njia, turudi.

Ukishamaliza hiyo miezi na bado unataka, sasa ndo tuongee karatasi.

Kozi ya miezi mitatu ya wasapu, hapana. Ingia kwenye tovuti ya NCHE, wao ndo baraza la elimu ya juu na wana orodha ya programu zilizoidhinishwa, chuo kwa chuo. Kama hiyo taasisi na hiyo kozi hazimo, umenunua picha ya koti. Na hata zikiwemo, jiulize ni lini miezi mitatu imemfanya mtu mtabibu wa kitu chochote.

Masta ya Makerere ya lishe tumizi ni nzuri na inaheshimika, ila ni ya utafiti na jamii zaidi kuliko kitandani. Ukiichukua, chagua mada ya tizi (tasnifu) inayokupeleka hospitalini, kwa mfano wagonjwa wa figo wanakula nini hasa wakitoka kliniki, hapo utakuwa umeigeuza masta ya jamii iwe yako. Na ulizia kama kuna projekti ya utafiti yenye nafasi ya mwanafunzi, RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wa mambo ya kilimo, wenye ofisi zake pale pale Makerere umesaidia wengi kwa njia hiyo. Ukiona unataka dayatetiki yenyewe, yaani lishe ya wagonjwa, kutoka chini, Kyambogo wana digrii ya lishe na dayatetiki. Najua kurudi digrii ya pili na una miaka 27 inauma, watu watasema. Mimi singeanza hapo. Ningeenda kwanza kuwauliza uso kwa uso kama kuna namna ya kuhesabiwa yale uliyosoma tayari, na ningeifanya iwe chaguo la mwisho.

Masta ya afya ya jamii ya rafiki yako ni ya rafiki yako. Kazi ipo kweli, lakini ni ya kukutoa kitandani kukuweka ofisini, na wewe umelia kwa sababu ya kitanda.

Sasa kaka wa Leicester, Mungu ambariki kwa moyo, lakini asilipe kitu kabla hajasoma hii. Uingereza neno dayatishani linalindwa na sheria, huwezi kujiita hivyo bila kusajiliwa na HCPC, baraza lao la kusajili watu wa afya. Na HCPC hawaangalii kama umesoma masta ya lishe, wanaangalia kama umesoma kozi waliyoipitisha wao ambayo ndani yake kuna mazoezi hospitalini, au kama mafunzo yako ya nje yanafika viwango vyao. Masta nyingi za lishe za onlaini hazina hayo mazoezi. Utamaliza, utakuwa na cheti kizuri cha ukutani, na utabaki nyutrishonisti, jina ambalo kule halilindwi, hata muuza juisi anaweza kulitumia. Zipo masta za kukuingiza kwenye usajili, ndo kaka yako atafute hizo, na mara nyingi zinataka ukae kule kule. Kama ndoto ni Marekani, kule tangu Januari 2024 hukubaliwi kufanya mtihani wa dayatishani bila masta, na kuna saa za mazoezi chini ya usimamizi juu yake. Nakwambia ili usije ukasikia mtu anasema digrii inatosha.

Na kabla ya pesa ya kaka kuna pesa za watu wengine. Skolashipu ya Commonwealth inataka sekandi apa, unayo. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, wao wanataka saa 2,800 za kazi, ambayo ni kama miaka miwili, na wewe huko Nakivale umeshazifikisha. Ila Chevening wanataka ukimaliza urudi nyumbani ukae miaka miwili, kwa hiyo kama mpango wa kaka ni ubaki kule usiwadanganye.

Tena hiyo Nakivale yako usiiandike kwenye CV kwa mstari mmoja kama wanavyofanya vijana wengi, eti "nilipima watoto". Andika ulisimamia wagonjwa wangapi wa utapiamlo mkali, wangapi walipona, rejista ulizijaza vipi, kama ulishiriki sarvei ya SMART, ile ya kupima hali ya lishe, taja na programu uliyotumia kuchambua. Kama hujui kuchambua data, jifunze sasa hivi huku mtandao wa usiku ukiwa mzuri, UNICEF wana kozi za bure za lishe kwenye tovuti yao ya Agora. Zile si leseni, usije ukajiita kitu kwa sababu yake, lakini zinamwonyesha mtu kwamba hukulala kati ya kontrakti na kontrakti.

Mchumba wa Kisumu ana kweli nusu. Kenya wana sheria ya watu wa lishe na dayatetiki tangu mwaka 2007, wana taasisi yao inaitwa KNDI, na ndo hiyo sheria inayofanya waheshimiwe kuliko huku. Lakini sheria hiyo hiyo inasema huwezi kufanya kazi bila wao kukusajili. Digrii yako haivuki Busia peke yake ikafika wodini. Kwa hiyo ukihama bila kuanza kufuatilia usajili utakuwa mke wa mtu Kisumu mwenye digrii kwenye sanduku. Mwambie akutafutie orodha ya wanachotaka KNDI kwa mtu aliyesoma nje ya Kenya. Ni kazi ya siku moja. Utajua mengi kwa kuona kama ameifanya.

Mdogo wako usimkataze. Mwulize kwanza kama anataka kazi yako au anataka kukufuata tu wewe, maana ni vitu viwili. Kama anapenda baiolojia na kemia kweli aje, na aanze na dayatetiki moja kwa moja kama anataka hospitali, asizunguke kama wewe. Pesa ikiwa shida kuna mkopo wa serikali wa wanafunzi wa vyuo, unapendelea kozi za sayansi, ila ni mkopo si zawadi, utarudishwa.

Mzee wa baraki nimemkumbuka. Usimwambie habari za vitamini. Mwulize kama hajawahi kusikia askari waliokaa porini bila chakula wiki nyingi, wakafika mahali penye chakula wakala mpaka wakashiba kisha wengine wakafa. Ilitokea kwa wafungwa wengi vita vya pili vya dunia vilipoisha mwaka 1945. Mwili uliozoea njaa ukimwagiwa chakula ghafla, chumvi za damu zinavurugika, moyo unashindwa. Ndo maana mtoto mwenye utapiamlo mkali akilazwa hatuanzi na sahani, tunaanza na maziwa maalumu mepesi ya F-75, kidogo kidogo kila baada ya masaa machache usiku na mchana, mpaka mwili utulie ndo tunapanda kwenye F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, au zile pakiti za karanga. Anayejua lini apewe kipi na kiasi gani ndo huyo binti yake. Mjeshi ataelewa hapo, nakuhakikishia. Kwenye harusi utaendelea kumenya matooke tu, hiyo hata maprofesa wanamenya.

Nimemwacha mama mwisho makusudi, sitaki umsubirishe mpaka umalize masta. Mtoe kwenye chai na mkate. Rudi naye kliniki wiki hii, si mwezi ujao, uombe majibu ya damu yaandikwe, potasiamu, fosforasi, kriatinini na sukari ya miezi mitatu, na udai kuonana na mtu wa lishe wa hospitali ya rufaa si karatasi ya fotokopi. Si kila mwenye figo anakatazwa kila kitu, inategemea namba zake, na mtu anayekonda namna hiyo anakula misuli yake mwenyewe. Ukifika kwa huyo mtu wa lishe muulize habari ya matooke. Sisi tunayafunga kwenye majani tunayapika kwa mvuke, potasiamu nyingi inabaki ndani, lakini yakimenywa yakakatwakatwa yakachemshwa kwenye maji mengi na maji yakamwagwa, inapungua. Ladha inapungua pia, mama atalalamika. Muulize vipande vingapi, mara ngapi kwa wiki, na posho (ugali) iingie wapi. Kaa pale uandike kila anachosema na kwa nini amesema.

Ukimaliza kuandika, kabla hujaondoka, mwombe huyo huyo akupeleke kwa mkuu wake na ile barua yako ya kujitolea. Iwe tayari kwenye begi.

Senga